Vidonge vya resveratroli: ni sawa kuuzwa kama kinga ya uzee?

Mleta mada:
Wakuu, salaam. Mjomba wangu ni mwalimu mstaafu, ana miaka 68. Mwezi uliopita nilimkuta na chupa mbili za vidonge vya resveratroli (kemikali ya asili iliyomo kwenye baadhi ya mimea), miligramu 500 kila kidonge, kavinunua kwa hela ya pensheni. Aliyemuuzia alimwambia vinairudishia mishipa ujana na kuongeza miaka ya kuishi. Hakumuuliza anatumia dawa gani, na mjomba kila siku anameza ya presha na ya kuzuia damu isigande.

Nimelisoma jambo hili usiku kadhaa. Msimamo wangu: anayetaka kuviuza aviuze, lakini asiruhusiwe kusema vinazuia uzee. Hakuna utafiti wowote uliothibitisha kuwa binadamu aliishi zaidi kwa kuvimeza.

Resveratroli imo kwenye ganda la zabibu nyekundu, ingawa ya kwenye chupa mara nyingi hutolewa kwenye mizizi ya gugu la Kijapani, Polygonum cuspidatum. Sifa zake zilivuma baada ya 1991, pale mtafiti Mfaransa Serge Renaud aliposema kwenye televisheni ya Marekani kwamba Wafaransa wanakula siagi na jibini kwa wingi na bado mioyo yao ina nafuu kuliko ya Wamarekani, akautaja mvinyo mwekundu. Mwaka 2003 David Sinclair wa Harvard na wenzake wakaonyesha kwamba hamira ikipewa resveratroli inaishi muda mrefu zaidi. Mwaka 2006 wakaja na panya, na hapo ndipo kishindo kilipotokea.

Wauzaji huishia kwenye panya hao. Hawasemi kwamba walikuwa panya wa kunenepeshwa: asilimia 60 ya nguvu ya chakula chao ilitoka kwenye mafuta. Resveratroli iliwapunguzia hatari ya kufa mapema. Mwaka 2008 baadhi ya watafiti wale wale wakatoa matokeo ya panya wanaokula chakula cha kawaida. Mifupa, macho na mishipa viliboreka, na hilo lazima nilikiri. Umri wa kuishi haukuongezeka.

Mwaka huohuo kampuni kubwa ya dawa, GlaxoSmithKline, ilinunua kampuni ya Sirtris, ambayo Sinclair alishiriki kuianzisha, kwa dola milioni 720. Mwaka 2010 jaribio la resveratroli yao kwa wagonjwa wa myeloma (saratani ya uboho wa mifupa) lilisimamishwa baada ya baadhi yao kupata matatizo ya figo. Mwaka 2013 Sirtris ikafungwa. Wenye maabara na mabilioni wameiweka chini, sisi huku tunauziwa kwa chupa.

Mchangiaji wa kwanza:
Mleta mada, nakuheshimu, ila umeegemea upande mmoja. Mimi nina kisukari aina ya pili. Zipo tafiti za watu, ndogo ndogo, na zilipojumlishwa zilionyesha sukari ikishuka kidogo kwa wagonjwa kama mimi. Hata Ulaya wameiruhusu tangu 2016. Mbona unataka kutunyima?

Mleta mada:
Dada yangu, sikunyimi, na ulilosema kuhusu sukari ni kweli. Lakini tusome ruhusa ya Ulaya yote. Inahusu resveratroli ya kutengenezwa kiwandani, kwa watu wazima, isizidi miligramu 150 kwa siku, na kifungashio kieleze kwamba anayetumia dawa asimeze bila usimamizi wa daktari. Kidonge kimoja cha mjomba ni zaidi ya mara tatu ya kiwango hicho. Tena onyo lile linamhusu yeye hasa, maana resveratroli nayo huzuia chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, zisishikane. Ukiongeza juu ya dawa yake, hatari ya kuvuja damu inapanda. Muuzaji mwenye huruma angeanza na swali hilo.

Mchangiaji wa pili:
Mimi nasema tuachane na chupa. Karanga zinayo, zabibu za Dodoma zinayo. Tule vya shamba.

Mleta mada:
Karanga kula, kaka, ni chakula kizuri. Ila usizile kwa hesabu hii. Kikombe cha karanga za kuchemsha kina kama miligramu moja, na panya wa 2006 walipewa miligramu 22 kwa kila kilo ya mwili, kila siku. Isitoshe, ini na utumbo huibadilisha karibu yote kabla haijazunguka mwilini. Kule Chianti, Italia, walipima mabaki yake kwenye mkojo wa wazee 783 na kuwafuatilia miaka 9. Matokeo yalitoka 2014: waliokuwa nayo nyingi na waliokuwa nayo kidogo hawakutofautiana kwa vifo, kwa moyo wala kwa saratani.

Mchangiaji wa tatu:
Kama haimsaidii na haimdhuru, mwachie mzee tumaini lake. Hela ni yake.

Mleta mada:
Hapa ndipo ninapoumia, mkuu. Mjomba hutembea kila alfajiri, kilomita nne. Mwaka 2013 watafiti wa Copenhagen waliwafanyisha mazoezi makali wanaume 27 wa umri wa miaka 65 hivi, kwa wiki 8. Nusu walimeza miligramu 250 za resveratroli kwa siku, nusu vidonge vitupu visivyo na dawa ndani. Waliomeza vitupu ndio walioshusha presha, na uwezo wao wa kutumia hewa ya oksijeni uliongezeka zaidi. Ni utafiti mdogo, lakini nikifikiria mzee anaamka saa kumi na moja kutembea, kisha anameza kitu kinachoweza kumpunguzia faida ya jasho lake, siwezi kuliita hilo tumaini.

Jana nimempeleka kliniki na chupa zote mbili. Daktari amemwambia aache, damu ipimwe kwanza. Muuzaji amegoma kurudisha hela ya chupa ambayo haijafunguliwa. Tangu 2019 udhibiti wa vyakula ulihamia TBS (Shirika la Viwango Tanzania), TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba) wakabaki na dawa na vifaa tiba. Chupa imeandikwa kirutubisho, ila mdomo wa muuzaji ulisema dawa. Aliyewahi kupeleka lalamiko la namna hii anieleze alianzia mlango upi. Lebo nimeipiga picha pande zote.