Mliotuuzia zabibu za Dodoma huku Tanga, njooni mzione sasa

Wakuu, heshima zenu. Leo nimekuja na povu, na uzi ni mrefu kidogo. Asiye na muda apite kimyakimya.

Nipo Pongwe, hapahapa Tanga. Mwaka juzi alikuja jamaa mmoja na semina ya zabibu. Ukumbi umejaa, maji ya chupa mezani, picha za mashamba ukutani. Tukaambiwa zabibu inavunwa mara 2 kwa mwaka, na mzabibu ukishika unawaachia wajukuu. Mzee mmoja akauliza, "Sasa mwanangu, huku kwetu itakubali?" Akajibiwa, "Babu, jua si lipo? Joto si lipo?" Tukacheka, tukatoa pesa. Mimi nilibeba miche 300. Nikachimba mashimo, nikajaza samadi, nikasimamisha nguzo, nikavuta waya. Hela ya waya peke yake ningejenga banda la mbuzi likaisha na likapigwa bati.

Hayo ya kuvuna mara 2 ni kweli kabisa. Kweli ya Dodoma. Kule mvua ni msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na kwa mwaka wa kawaida haifiki milimita 600. Huku kwetu tunapata kama mara mbili yake, masika na vuli, na hata siku isiyonyesha shati linakauka kwa shida. Halafu mzabibu wa nchi za joto haulali kama wa Ulaya unaosubiri baridi iishe. Ukiupogolea ndiyo unaamka: machipukizi, maua, na kama miezi minne baadaye unavuna. Yaani mkasi ndiyo kalenda yenyewe. Ukikosea tarehe ya kukata, umekosea msimu mzima.

Sisi tulipewa karatasi yenye kalenda ya Dodoma, haijabadilishwa hata nukta. Imeandikwa nipogoe mwisho wa Machi, nikapogoa. Sasa mtu wa Tanga asiyejua Aprili na Mei kunakuwaje kwetu anyooshe mkono! Maua yanafunguka, masika nayo inafungulia.

Asubuhi moja naona juu ya jani madoa ya manjano, yanang'aa kama mtu kadondosha mafuta ya kupikia. Nageuza jani, chini kuna unyoya mweupe umelala na umande. Siku chache mbele vishada vikaanza kugeuka kijivu, tunda dogo kama punje ya pilipili manga, gumu, halafu linakauka rangi ya kahawia na kudondoka. Mama watoto alikuja na beseni, akasimama, akaangalia, akarudi nalo jikoni hajasema kitu. Bora angesema.

Nikakimbilia ofisi ya kilimo. Bwana shamba, kijana mstaarabu kwa kweli, akatazama jani, akaniambia, "Mzee, mimi zabibu sijawahi kuziona shambani." Nikamshukuru kwa ukweli wake. Duka la dawa lenyewe halikuwa na aibu hiyo: nikauziwa salfa, nikapiga mara 3, jua likatoka baina ya mvua na mvua, majani yakaungua. Ugonjwa ukaendelea kama haujaguswa.

Aliyenifungua macho ni mkulima wa Hombolo, kule Dodoma, niliyepewa namba yake na shemeji. Hakuniuliza habari ya dawa. Aliniuliza, "Kwenu mvua miezi mingapi?" Nilipomwambia, akanyamaza, akasema, "Ee, mmepatikana." Akanieleza kwamba salfa ni ya ukungu unaoitwa ubwiri unga. Wangu ni ubwiri unyoya, huo dawa zake ni za kopa, na unapiga kabla mvua haijaja, siyo ukishaona madoa. Dawa yenyewe ya kopa ni mrututu (chumvi ya shaba) na chokaa, jambo linalojulikana tangu 1885 kule Ufaransa. Inasemekana wakulima wa Bordeaux walikuwa wanapaka mizabibu ya kandokando ya barabara ili wapita njia wasiibe, mtafiti akaona ile iliyopakwa ndiyo yenye majani. Miaka 140 imepita, mimi Pongwe nauziwa salfa.

Kabla hamjanivaa: siwasemi watafiti wa Makutupora. Wale wako Dodoma, wanatafiti zabibu, na Dodoma matunda yanaonekana. Hasira yangu ni kwa anayechukua matokeo ya nchi kavu, akayapakia kwenye basi na kuja kuyauza pwani bila kupanda hata miche 10 ya majaribio kwanza. Sisi ndio majaribio, tena tumejilipia. Mkonge wenyewe ulioijenga Tanga ulianza na miche 62 tu iliyopona safarini mwaka 1893, ikapandwa na kuangaliwa kwanza. Na kituo cha utafiti wa kilimo cha Mlingano kiko palepale Muheza, tunajua utafiti unafananaje.

Kwamba haiwezekani kabisa pwani, sisemi. Brazili wana joto na mvua kama sisi, na watafiti wao wa Embrapa mwaka 2012 walitoa aina inayoitwa BRS Vitória, haina mbegu na inavumilia ubwiri unyoya. Huku kwetu basi mtu apande aina 5 au 6 kwenye kipande cha nusu eka, apogoe miezi tofauti, atuambie ipi imesimama. Kama hakuna, atuambie hapana, tubaki na machungwa yetu. Hiyo "hapana" ingeniokolea pesa nyingi.

Kuna mtu humu ana mzabibu unaozaa kati ya Tanga na Bagamoyo? Wa shambani, siyo ule mmoja wa kivuli barazani. Aweke picha, na jani alipige kwa chini.

Nilimtafuta yule jamaa wa semina, simu haipatikani. Ndiyo Tanga hiyo, waja leo waondoka leo. Ila juzi nimeona tangazo lake, sauti ileile, sasa yuko Pangani anauza miche ya parachichi za Hass. Anasema jua lipo, joto lipo.