Boti ya zamani: nikigeuza ufunguo inalia "tak" moja, kisha kimya

Mleta mada

Wakuu, heshima mbele. Nina boti ya mwaka 1987, injini ya petroli ya ndani, silinda nne, imekaa kule tezi, nyuma ya boti, chini ya kifuniko. Injini yenyewe haina neno, ikiwaka imewaka. Kazi ni kuifikisha huko.

Nikigeuza ufunguo nasikia "tak" moja nzito kutoka kwenye injini, mishale yote ya dashibodi inalala na taa zake zinazimika. Cha ajabu, pampu ya ngama (ile ya kutoa maji yanayotuama chini kabisa ya boti) ikiwa inavuta maji wakati huo haibadilishi hata sauti. Nikirudia mara nane au tisa, kuna siku inashika na kuzunguka vizuri tu, kama haijawahi kunisumbua.

Nimeshabadilisha betri (mpya, mita inasoma 12.6). Nimeshabadilisha stata, ile mota ya kuzungusha injini iwake. Ile ya zamani fundi aliifunga mezani ikazunguka kama feni, kwa hiyo sasa nina stata mbili nzima na boti isiyowaka. Mshukiwa wangu wa tatu ni swichi ya ufunguo. Kabla sijatoa hela tena, naombeni ushauri.

Spana Mkononi

Swichi hiyo, au solenoidi, ile swichi ya sumaku inayopeleka umeme mkubwa kwa stata. Chukua bisibisi ndefu, gusanisha zile nati mbili kubwa za solenoidi. Stata ikizunguka, umempata mchawi wako. Kwenye magari nafanya hivyo kila siku.

Baharia Mstaafu

Kaka hapo juu, kwenye gari sawa, upepo unapita chini. Kwenye boti ya injini ya ndani usimfundishe mtu hivyo. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka na kutuama ngamani, na cheche ya bisibisi inautosha kabisa. Ndiyo maana stata ya boti hujengwa ili cheche zake zisitoke nje, hata kama kwa sura ni pacha wa ile ya gari. Mleta mada, natumaini hukufunga ya gari. Fungua kifuniko, nusa kwa pua yako mwenyewe, washa feni ya kutoa hewa dakika nne, ndipo uguse kitu.

Sasa shida yako. Swichi iache kwanza. "Tak" nzito ni solenoidi ya stata imevuta, maana yake ufunguo, swichi ya niutro (inayozuia stata gia ikiwa imeingia) na waya wao mwembamba wameshafanya kazi yao. Ingekuwa kimya kabisa ningekwambia utikise mkono wa gia.

Kilichonishtua ni pampu yako. Stata ya injini kama hiyo hula ampea 100 na zaidi. Ingekuwa inazila kweli, volti za betri zingeshuka na pampu ingelegea sauti, kwa sababu nadhani imefungwa moja kwa moja kwenye betri. Haikulegea. Basi umeme mwingi hautoki betrini hata kidogo, kuna mahali njia imezibwa. Na dashibodi inakufaje wakati betri ni nzima? Boti nyingi za aina hiyo dashibodi huchukua hasi yake kwenye chuma cha injini. Mimi naelekea kebo ya hasi kati ya betri na injini, lakini usiniamini, pima.

Ile 12.6 ya betri iliyotulia haikuambii lolote kuhusu kebo. Kebo iliyobakiwa na nyuzi mbili za shaba itakuonyesha 12.6 vilevile, kwa kuwa mita haili umeme wa maana. Lazima upime stata ikiwa inadai. Chomoa waya mnene wa katikati ya koili (kifaa kinachozalisha umeme wa cheche za kuwasha injini) na uufunge kwenye chuma cha injini, isije ikawaka wewe umeinamia mikanda. Mtu ashike ufunguo sekunde tatu nne, usome sehemu tatu: nguzo ya betri kwa nguzo, nguzo ya chanya hadi nati kubwa ya stata, nguzo ya hasi hadi chuma kitupu cha injini. Gusa risasi ya nguzo yenyewe, si kibanio. Hizo mbili za mwisho, kila moja isizidi nusu volti.

Mleta mada

Stata ni ya boti, usiwe na shaka mzee wangu. Nimepima mara tatu, majibu yanafanana:

Betri 12.3. Upande wa chanya 0.3. Upande wa hasi 7.8!

Baharia Mstaafu

Basi stata inabakiwa na volti 4 na kitu. Hata ungeifunga ya tatu.

Mama Propela

Kabla hujaendelea kugeuza ufunguo, pitisha mkono kwenye nyaya nyeusi nyembamba zinazotoka injini kwenda dashibodi, na kwenye kebo ya gia. Hasi kubwa ikifa, umeme wa stata hutafuta kichochoro kingine cha kurudia. Yangu iliyeyusha plastiki ya waya mmoja na nikawa nalaumu jua.

Mleta mada

Mama Propela, waya mmoja ulikuwa wa moto kweli. Nimeacha mara moja.

Kebo nimeitoa. Wahenga walisema enda tezi na omo, marejeo ni ngamani, na mimi nilizunguka boti nzima wakati kebo imelala ndani ya maji ya ngama miaka yote hiyo. Kwa nje kichwa chake kinang'aa, nilikipiga msasa mwenyewe mwezi uliopita nikajipongeza. Nimechana mpira kiganja kimoja kutoka kwenye kichwa: unga wa kijani, na shaba nyeusi inayokatika kwa kucha. Nimeweka mpya ya shaba iliyopakwa bati, nene zaidi, nikaipitisha juu kabisa. Upande wa hasi sasa unasoma 0.2, na stata inazunguka hadi raha.

Ila kumezuka jipya. Inawaka nikiwa nimeshikilia ufunguo, nikiuachia inazima papo hapo. Jana haikuwa hivyo.

Baharia Mstaafu

Ukiwa umeshikilia, koili inalishwa umeme kamili kutoka kwenye solenoidi. Ukiachia, inategemea njia ya pili inayotoka swichi na kupita kwenye waya wa kupunguza volti, inafika kama 9 hivi. Njia hiyo ndiyo imekatika. Ulipovuta kebo ya zamani uligusa ile plagi kubwa ya duara nyuma ya injini?

Mleta mada

Niliikanyaga.

Nimeifungua sasa hivi. Pini moja imerudi ndani na mbili zina ukungu wa kijani. Nimezisafisha, nimeirudisha ile pini hadi ikalia "klik", nikaweka grisi ya umeme na kufunga kibanio. Imewaka kwa mguso wa kwanza, nimeuachia ufunguo, imeendelea. Stata ya pili ipo, anayeihitaji aseme.