Draiva za taa za uwanja: mgongoni mwa taa, kwenye nguzo, au stoo?

Nguzo15 (Tororo)
Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za kazi. Nina uwanja wa mpira wa shule hapa Tororo: nguzo 4 za chuma za mita 15, kila moja ina taa 6 za LED za wati 400. Draiva, vile viboksi vinavyogeuza umeme wa laini uwe volti na ampea zinazotakiwa na taa, zilikuja zimefungwa mgongoni mwa taa. Mwaka haujaisha, 5 zimekufa. Taa zenyewe hazina ubaya, nikiweka draiva nyingine zinawaka vizuri tu. Kinachonimaliza ni kupanda. Kreni inatoka Mbale, na hata nikibadilisha draiva moja nalipia siku nzima. Safari ya mwisho hela ya kreni ilipita bei ya draiva tatu, hedimasta akaniangalia kama mwizi.

Sasa wamekubali kununua draiva mpya zote. Nizirudishe kulekule juu? Nizishushe kwenye nguzo, mahali ngazi inafika? Au nizipeleke stoo pembeni ya jukwaa, ambako nitabadilisha draiva nimevaa ndala? Stoo iko mita 120 kutoka nguzo ya mbali. Mimi moyo uko stoo.

KijanaLira
Stoo, hakuna mjadala. Pakavu, pana kufuli, ni panya tu wa kufukuza.

DadaWaya (Jinja)
Polepole. Ndugu, soma kibandiko cha draiva, upande unaokwenda kwenye taa. Volti ngapi, ampea ngapi?

Nguzo15
54 V, 7.4 A.

DadaWaya
Basi stoo imekufa hapo hapo. Piga hesabu nami. Waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5 una ukinzani wa kama omu 7.4 kwa kilomita. Kutoka stoo mpaka juu ya nguzo ya mbali ni mita 135, kwenda na kurudi 270, yaani omu 2. Zidisha kwa ampea 7.4: volti 15 zinabaki njiani, na wati kama 110 zinapasha udongo joto. Kwa taa moja! Na draiva ya 54 V haina hizo volti 15 za kuongeza. Itagota mwisho wa nguvu zake, taa ififie au ianze kukonyeza.

Halafu kuna jambo wengi hulisahau: kila draiva inataka jozi yake ya waya mpaka kwenye taa yake. Nguzo ile ya mbali peke yake ni jozi 6 za mita 135, zaidi ya mita 800 za kebo. Draiva zikikaa kwenye nguzo unapeleka kebo moja tu ya fezi tatu (nyaya zinazoleta umeme), nyutro (waya wa kuurudisha) na ethi (waya wa ardhini), basi.

Wanaofaidi stoo ni wale ambao taa zao zinakula volti nyingi na ampea kidogo. Draiva ya 270 V, 1.5 A kwa waya uleule inapoteza volti 3 tu. Ila usikimbilie kununua hiyo uifunge kwenye taa ya 54 V. Draiva na taa huozeshwa kiwandani, huwezi kumbadilishia mmoja mwenzake ukitegemea ndoa idumu.

Ukizishusha mita 4 kutoka chini, waya ni kama mita 13 kwenda juu. Unapoteza volti 1.4, wati kumi na kitu. Ukitumia waya wa 4 badala ya 2.5 inashuka mpaka wati 7 hivi. Hiyo haininyimi usingizi.

KijanaLira
Nimefuta kauli. Mimi nilikuwa naogopa mvua tu.

MzeeTransfoma (Soroti)
Wanangu, mmesema waya, mimi naongeza joto. Ndani ya draiva kuna kapasita zenye majimaji, na zile hukauka. Ukipandisha joto lake nyuzi 10, umri unapungua nusu. Ndiyo maana draiva iliyobanwa kwenye mapezi ya taa haizeeki vizuri: taa inatoa joto, na yenyewe inatoa lake.

Lakini kushusha chini si dawa ukishusha vibaya. Draiva yenye ufanisi wa asilimia 93 ikilisha wati 400 inatupa wati 30 kama joto. Sita ni wati 180. Niliwahi kufunga sita ndani ya boksi la chuma lililozibwa kabisa, mpira mlangoni, nikajiona fundi. Saa tatu usiku nilifungua nikaweka kiganja juu ya draiva ya katikati, sikumaliza kuhesabu tatu. Ilikuwa oveni ya mkate ile.

Siku hizi natafuta draiva za IP67, yaani zisizoingiza vumbi wala maji, zilizojazwa gundi ndani. Hazihitaji boksi. Nazifunga kwenye bamba la alumini, bamba likae mbali na nguzo kiasi cha upana wa kiganja, draiva ziachane hewa ipite, juu bati dogo la kuzuia jua na mvua. Kwenye boksi lililozibwa nabakiza viungo vya waya na breka tu.

Bweyale_Umeme
Na hilo boksi dogo ziba kila tundu, hata lile la kipenyo cha kidole. Mwezi jana nimetoa mjusi aliyekaangwa kati ya fezi na nyutro, mkia bado umeshika terminali.

Mimi ninalotaka kuuliza ni radi. Sisi wa Kiryandongo hatusahau Juni 2011, radi ilipoua wanafunzi 18 pale Runyanya. Nguzo ya mita 15 katikati ya uwanja mtupu ndiyo ndefu kuliko kila kitu. Draiva zikiwa chini si zinapona?

MzeeTransfoma
Hazidundwi moja kwa moja, lakini mshtuko unateremka na waya. Huko chini faida ni moja: unaweza kuweka kinga ya radi karibu kabisa na draiva, na ukaiona ikionyesha rangi nyekundu, yaani imekufa, bila kupanda. Waya wake wa kwenda ethi usizidi nusu mita. Fundi akiuzungusha zunguka ndani ya boksi ili upendeze, kinga imekuwa pambo. Ethi ya kila nguzo pima, tafuta omu 10 kushuka chini. Na mvua ikianza kunguruma watoto watoke uwanjani waingie kwenye jengo. Hakuna kifaa cha kuwalinda wakiwa chini ya nguzo.

DadaWaya
Nguzo15, hujatuambia: zile 5 zilikufa nguzo ipi, na lini?

Nguzo15
4 nguzo ya upande wa barabara, usiku mmoja, hakukuwa na mvua. Ya 5 ilikufa peke yake kwingine.

DadaWaya
Nne usiku mmoja bila mvua? Hizo hazikufa kwa sababu ya mahali zilipofungwa. Fungua kifuniko cha chini ya nguzo uangalie nyutro. Ikiachia, fezi zinaanza kugombana, yenye mzigo mdogo inapanda kuelekea 415 V. Draiva nyingi zimeandikwa mwisho 305 V. Ya kwanza ikifa mzigo unazidi kupishana, inafuata ya pili, ya tatu.

Nguzo15
Nimerudi baada ya siku mbili. Dada, heshima yako. Kiungo cha nyutro kilikuwa cheusi, skrubu naizungusha kwa vidole, sisimizi wamejenga ndani. Nimekata, nimebana kwa terminali mpya ya kukandamiza. Na hedimasta nimempeleka akaona mwenyewe kwa macho yake.

Hata hivyo draiva nashusha. Sitaki kuonana tena na yule mtu wa kreni. Nitatumia bamba kama la Mzee, waya wa 4, kinga ya radi kila nguzo. Nimepiga simu kwa muuzaji wa taa kuuliza kama dhamana inabaki draiva ikihamishwa. Amesema inabaki, nimemwambia aandike.

DadaWaya
Akiandika, soma. Na mfundishe atakayekusaidia: asichomoe wala kuchomeka waya wa taa umeme ukiwa umewaka. Draiva isiyo na mzigo inapandisha volti, ukichomeka taa inapokea zote kwa mpigo. Zima, subiri dakika kadhaa, ndipo uguse.

KijanaLira
Breka je? Mimi zangu zinaruka kila nikiwasha zote pamoja.

MzeeTransfoma
Draiva zikiwashwa zinameza mkupuo mkubwa kwa muda wa kupepesa jicho. Weka breka za aina C, zinazostahimili mkupuo huo, na nguzo ziwake moja baada ya nyingine.

Nguzo15
Swali la mwisho: mita 3 au 4? Mita 3 ngazi ya shule inatosha.

Bweyale_Umeme
Shule ya sekondari? Weka 4, nunua ngazi nyingine. Mita 3 watapandiana mabegani Ijumaa hii hii.

Nguzo15
4 basi. Kreni inakuja Jumamosi.