Batibeti banaingilaka mulango gani kule Geneve?

mutoto_wa_kadutu:
Bandugu salamu. Niko nasoma mambo ya kimataifa hapa Bukavu, mwalimu ametupatia TP (kazi ya kufanya nyumbani): Batibeti benye kukimbilia India banafanyaka aje lobi, ni kusema kushawishi wakubwa, ku mikutano ya kimataifa. Nilizania ni ya kukopia ku intaneti tu, kumbe hapana. Dalai Lama alikimbia 1959, serikali yao iko Dharamsala, hakuna hata inchi moja inaitambua, kiti ku ONU habana, sasa banaingia mule ndani aje, na tena mbele ya China? Nauliza pia ju association yetu ya kartie inataka siku moja itume mutu Geneve ju ya raporo Mapping, ile ya ONU ju ya mauaji na makosa makubwa ya hapa Kongo, na sitaki aende tu kupiga mapicha pale ku kile kiti kikubwa cha muguu ya kuvunjika mbele ya ONU na kurudia.

yaya_wa_nguba:
Mudogo wangu, mulango njo swali lenyewe. Ku Baraza ya Haki za Binadamu ya ONU, ile ya Geneve, mutu mwenye hana inchi yenye kutambuliwa anasema kwa jina la shirika yenye iko na statu ya ECOSOC (ruhusa yenye baraza ya uchumi na jamii ya ONU inapatia mashirika). Ile statu inapitia ku kamati ya inchi 19, na China iko ndani, inauliza maswali leo, mwaka ujao tena maswali, dosie inalala. Basi Batibeti banakopaka badji: shirika moja ya Ulaya yenye tayari iko na statu inaandika jina la Mutibeti ku liste yake na kumuachia nafasi ya kusema. Dakika moja na nusu hivi! Ukianza na "Mheshimiwa, tunashukuru sana kwa heshima hii" (na sisi Bakongomani tunapenda hiyo) umeshaikula, na delegasyo ya China inaweza kunyanyua kibao ya jina yake ikukatishe.

Lakini kazi kubwa haifanyikake mu sale. Wakati China ilipita ku UPR (pale ONU inaangaliaka haki za binadamu za kila inchi kwa turu) Januari 2024, mule njo inchi zinaulizaka inchi ingine, haiko mashirika. Kwa hiyo unaenda mbele, miezi mbele, unapiga mulango kwa wadiplomati moja moja na karatasi moja, unabaomba sentensi moja yenye watasoma. Uone ile ya mashule: habakufika na "tupeni uhuru", balibeba dosie ya batoto benye kulazwa ku internati mbali na bazazi na luga yao. Februari 2023 bataalamu batatu ba ONU bakasema kama batoto milioni moja, na mwezi wenye kufuata kamati ya ONU ya haki za uchumi na jamii ikaambia China ikomeshe ile mambo ya kulazimisha. Mama wa Kadutu na balozi wa Norvege bote wanaelewa mutoto kutolewa nyumbani.

muzee_bagira:
Mwanangu andika na hii ku TP yako. Mkutano Mkuu wa ONU ulipitisha maazimio tatu ya Tibet, 1959, 1961 na 1965. China ikapata kiti 1971, kutokea pale hakuna ya ine. Lobi ni chai na sambusa mu koridori, na sisi tumeona wangapi wanaenda Geneve na valizi moja wanarudi na tatu.

nyawera_moto:
Muzee valizi umenichekesha 😂 ila kuna siku kufungiwa mulango kunasaidia. Vienna 1993, mkutano wa haki za binadamu, China ikakataza Dalai Lama asiseme mu jengo, akaenda kusemea mu hema ya mashirika inje, magazeti yote bakakimbilia mu hema. Na 1995 ku mkutano wa banamuke kule kwa China yenyewe, Huairou, Batibeti tisa ba uhamisho bakajifunga vitambaa ku kinywa, kimya, mbele ya kamera. Hotuba zenye zilitolewa siku ile nani anazikumbuka?

yaya_wa_nguba:
Kweli, lakini ile inafanya kazi mara moja moja, ukiifanya kila mwaka inakuwa teatre. Na papa muzee sibishi, Tibet haijarudi. Ila sheria za Marekani za 2018 na 2020 ju ya Tibet hazikutoka hewani, shirika International Campaign for Tibet iko Washington tangu 1988, bamekaa pale, banajulikana hata na masekretere ba baseneta. Sisi tunaonekanaka wiki moja, kisha tunapotea.

mutoto_wa_kadutu:
Asante yaya, asante muzee. Kongo yetu ilipita ku UPR Novemba 2024, maana yake turu ingine iko mbali, tuko na wakati. Lakini karatasi moja?? Mapping peke yake iko na kurasa zaidi ya 500, nitakata wapi?

yaya_wa_nguba:
Mule muko matukio 617. Chagua moja, ile yenye bashahidi bake munaweza kuwafikia na miguu, uniandikie inbox.