Tupeane uzoefu: kulea watoto majuu na mfuko umetoboka

Mama wa Lanet, Nakuru
Wapendwa, huku nyumbani mtu akiwa majuu tunajua watoto wake wameomoka. Mimi nilikaa Manchester miaka minne nikifanya kazi ya kutunza wazee, niko na hawa watoto wangu wawili. Nyumba ilikuwa na mita ya tokeni, ya stima na ya gesi ya kupasha nyumba joto, Januari unaweka pauni 10 siku mbili imeisha, tunalala kitanda kimoja na makoti. Ukuta wa dirishani ukawa mweusi na ukungu, napangusa na jik Jumamosi, ikifika Jumatano umerudi, na mwenye nyumba anasema eti nifungue dirisha, kwa baridi ile! Kijana akaanza kukohoa usiku mpaka akapewa inhela. 2022 ikatangazwa kwamba Awaab Ishak, mtoto wa miaka 2 hapo Rochdale, alikufa kwa sababu ya ukungu wa nyumba, sikulala nikiangalia ule ukuta.

Halafu chakula. Wakati wetu shule za huko lunchi ilikuwa bure kwa wote mpaka Year 2, darasa la watoto wa kama miaka 7, ukiingia Year 3 mzazi analipa, labda mshahara wako uwe chini kabisa. Kijana alikuwa anakula bure, dadake mkubwa ndiye nalipia na mara nyingi sina. Siku moja nafua suruali ya kijana napata kiazi cha ovena kimefungwa kwa tishu mfukoni. Kumbe anambebea dadake, na huyo dadake miaka 8 ananiambia kila siku hasikii njaa.

Wa Kondele
Pole sana dada. Ndugu yangu ako Birmingham, watoto wanne. Kulikuwa na sheria ilianza Aprili 2017 mpaka ikaondolewa Aprili 2026, mtoto wa tatu kwenda mbele akizaliwa baada ya hiyo 2017 alikuwa hahesabiwi kwa pesa ya serikali ya kusaidia wenye mapato madogo, na kitinda mimba wao ni wa 2019. Mpwa wangu mkubwa alikuwa akialikwa bathdei anajifanya tumbo linauma, anajua zawadi haitanunuliwa.

Mwalimu, Kakamega
Mtoto mwenye njaa hata hapa darasani namjua kabla ya saa nne, macho yako mlangoni tu. Hicho kiazi kimenitoa machozi. Msichana anaendeleaje?

Mama wa Lanet, Nakuru
Ako gredi ya sita hapa Nakuru mwalimu, anasoma vizuri. Lakini hata leo nikimpakulia anagawa sahani kwanza, upande mmoja anauwekea kakake.