Acheni kutuuzia "njia tulivu" za msituni ambazo wenyewe hamjazipita

Wakuu, salamu tutapeana siku nyingine. Leo nimekuja na hasira, goti lililochunika na tairi la mbele la baiskeli lenye mkato ambao ukiuangalia vizuri unaona tyubu inachungulia.

Jumanne nilipakua njia ya baiskeli iliyowekwa humu jukwaani na mdau mmoja. Jina nalihifadhi, mwenyewe anajijua. Alivyoiandika: njia tulivu ya lami, hifadhi ya msitu, vilima vya wastani, kilomita 62, mzunguko kamili, magari hakuna. Akabandika na picha ya ukungu umelala katikati ya miti, barabara inapinda na kupotelea humo. Picha ile ndiyo iliyoniingiza mjini. Chini yake watu wamejaza "asante mkuu", "hapa lazima nifike", na hakuna hata mmoja aliyemuuliza: ulipita lini, saa ngapi?

Kilomita 18 za kwanza sina ubaya nazo, nisiwe mnafiki. Lami safi, kivuli, nasikia cheni yangu na ndege basi. Nikaanza hata kumsifu jamaa kimoyomoyo. Halafu nikaingia kona moja, ukuta wa mlima kulia, korongo kushoto, na mpini ukaanza kutetemeka mikononi. Lori la magogo lina tabia hiyo, unalihisi mikononi kabla hujalisikia. Likanikuta katikati ya kona, dereva hana pa kukwepea na mimi sina pa kukimbilia. Lilinipita karibu kiasi cha kuona mnyororo uliofunga magogo unavyochezacheza, na vipande vya magome vinadondoka mbele yangu vikiwa bado vibichi, vinanuka utomvu. Nikasogea ukingoni, kwenye ule ukanda wa kijani ambao kwa mbali unadhani ni kivuli. Si kivuli. Ni utelezi unaoota kwenye lami isiyoona jua. Tairi la mbele likaondoka bila kuaga.

Nilipoinuka nikakaa jiweni kupangusa goti, na hapo hapo likapita la pili. Kabla ya saa 4 asubuhi nilikuwa nimehesabu manne.

Sasa nisikilizeni. Siwalaumu madereva wa malori, wako kazini. Mashamba ya miti yako upande wa pili wa hifadhi na barabara ya kutolea magogo ni hiyo hiyo moja. Kosa ni la mtu aliyeandika "magari hakuna" kana kwamba ukimya ni mali ya barabara, kama upana wake au idadi ya kona. Ukimya ni wa saa! Siku za kazi kuna malori. Jumamosi mchana kuna familia zimekuja kutembea na wale wenzetu wa pikipiki kubwa wanaopenda kona kuliko sisi. Jumapili alfajiri pametulia kweli, ila hiyo ndiyo saa wanyama wanavuka barabara, na mnyama hatoi ishara ya mkono. Anayesema "pametulia" bila kusema siku na saa hajasema kitu.

Na msiniletee ile ramani ya rangi nyekundu inayoonyesha waendesha baiskeli wanapita wapi zaidi. Ramani ile inahesabu baiskeli. Lori haliwashi programu ya mazoezi.

Haya, tuje kwenye "vilima vya wastani", maana hapa ndipo nilipocheka kwa uchungu. Mlima mkubwa wa njia ile umeandikwa kilomita 5, unapanda mita 300, wastani asilimia 6, yaani mita 6 juu kwa kila 100 za mbele. Asilimia 6 mtu yeyote mwenye subira anapanda. Lakini kilomita 2 za mwanzo zina asilimia 2, unapanda mita 40 tu huku unapiga stori. Kisha kuna nusu kilomita inashuka, unarudisha mita 20. Fanyeni hesabu: kilomita 2.5 zilizobaki zimebebeshwa mita 280. Hiyo ni asilimia 11 kwa wastani, na ndani yake kuna vipande vya 15.

Kwa wasiojua 15 maana yake nini: mtu na baiskeli yake wakiwa kilo 80, gia ndogo ya mbele meno 34, kubwa ya nyuma meno 28, ukitaka kuzungusha miguu mara 60 tu kwa dakika unahitaji karibu wati 300, hujahesabu upepo wala msuguano. Wangapi humu wanashika wati 300 wakiwa tayari wameshachoka? Ukiweka meno 34 nyuma inashuka hadi kama 245, bado jasho, ila hufi. Yaani mtu angeandika sentensi moja tu, "kuna vipande vya asilimia 15, njooni na gia nyepesi", ningebadilisha gia za nyuma nyumbani na tusingekuwa hapa. Nilishuka nikasukuma, na viatu vya kubana kwenye pedali havikutengenezwa kwa kutembelea. Kwa! kwa! kwa! mlima mzima.

Kidogo pembeni: hata zile takwimu za mwinuko msiziamini kama msahafu. Ramani nyingi bado zinategemea vipimo vya rada vilivyochukuliwa na chombo cha anga Endeavour, Februari 2000, kwa siku 11, vikagawa ardhi katika miraba ya kama mita 30. Kwenye uwanda hakuna shida. Kwenye msitu mnene rada inasoma kwa sehemu vilele vya miti badala ya udongo, na barabara iliyochimbwa ubavuni mwa kilima inachukua urefu wa kilele cha juu yake au bonde la chini yake. Ndiyo maana kilima kifupi kikali kinapotea kwenye mchoro, halafu unakutana nacho ana kwa ana.

Turudi njiani. Kilomita ya 41 lami ikaisha. Haikuchakaa, haikuwa na mashimo, iliisha kama mtu aliyekatishwa sentensi. Mbele ni kokoto zenye ncha, na mimi nina tairi za milimita 25 zilizojazwa upepo wa lami. Nikasema labda ni mita 200. Zilikuwa kilomita 4. Mkato wa tairi niliupata humo.

Programu ya simu ya kupanga njia ilikuwa imeandika "lami" na nilijiuliza imeijuaje. Kumbe haikujua. Ramani huria kama OpenStreetMap, iliyoanza 2004, inajazwa na watu wa kujitolea, na kazi yao naiheshimu sana. Lakini barabara ambayo hakuna aliyeandika uso wake ni wa nini, programu ya kupanga njia inabahatisha tu kutokana na aina ya barabara. Inabahatisha, halafu inakuchorea mstari ule ule uliojiamini sawa na wa lami.

Mwisho wa kokoto kuna geti. Limefungwa. Askari wa hifadhi, mzee mtulivu, akaniangalia mimi na goti langu.

"Kijana, umetoka wapi huko?"

"Mzee wangu, ramani inasema hapa ni njia."

"Ni njia, ya gari la doria. Geti hili siku ya leo haliguswi."

Hakuwa na ubaya, hata maji alinipa. Ila ilibidi nigeuke, kokoto zile zile, na mlima ule ule niliousukuma sasa niushuke.

Na kushuka nako hamkutuambia. Mchana jua linapenya kwenye matawi, barabara inakuwa madoa ya mwanga na giza. Ukiwa kilomita 50 kwa saa unakula mita 14 kila sekunde, na jicho likitoka kwenye mwanga kuingia kivulini kuna sekunde nzima halioni shimo. Kilo 80 zikishuka mita 300 zina joto la kilojuli 235 la kwenda mahali fulani, na kama breki zako ni za kubana rimu, ukitoa kinachochukuliwa na upepo, mahali hapo ni rimu. Kwenye unyevu ndiyo kabisa, mzunguko wa kwanza wa gurudumu breki inafuta maji tu. Kuna milima ya kupanda upande mmoja na kushuka upande mwingine, na mwenye njia alipaswa kusema uzungukie wapi. Hakusema.

Najua wanaokuja: "mkuu wewe ni mchovu", "baiskeli si ya watoto", "msitu ni msitu". Sawa, uchovu nakubali. Lakini sijalalamikia mlima wala msitu. Nalalamikia maelezo. Kupata barabara tulivu kweli inawezekana, na wenzetu wanaipanga: kule Gatineau, Kanada, barabara za hifadhi hufungwa kwa magari kwa saa zilizotangazwa, baiskeli zinatamba. Mlima wa Stelvio, Italia, kona 48 upande mmoja, una siku yake moja kila mwaka bila injini. Kote huko ukimya una tarehe na saa.

Kwa hiyo mwenye njia yake humu, airudie kuiandika. Siku gani, saa ngapi, ulizungukia wapi, tairi gani, kipande kikali kuliko vyote ni asilimia ngapi, lami inaishia wapi, geti linafunguliwa lini. Mistari mitatu inatosha, na ile picha ya ukungu unaweza kuiacha.

NYONGEZA: Jamaa amenijibu faragha, nashukuru kwa ukweli wake, nanukuu maana si maneno: alipita Jumapili alfajiri, akafika kilomita ya 30, akarudi alikotoka. Nusu ya pili hajawahi kuiona. Aliiunganisha kwa kidole kwenye simu akiwa amekaa, ili mzunguko ukamilike na upendeze.

NYONGEZA 2: Wanaouliza tairi, nimeweka la milimita 32. Anayejua geti lile hufunguliwa siku gani aandike hapa chini, maana nataka kurudi.