Miaka tisa kwenye mashine sina cheti, mwenye miezi mitatu kapelekwa kozi!

Wakuu, nimetoka shifti ya usiku, sijalala, na leo sitaandika kwa upole.

Lain ya kufungasha pale kiwandani nimeiendesha miaka tisa. Majuzi imefungwa mashine mpya ya skrini ya kugusa, na waliotuuzia wakatoa nafasi nne za mafunzo, wiki mbili. Wakaenda wanaume wanne. Mmoja ni fundi umeme, huyo simsemi, anastahili. Wa pili yuko manunuzi, mashine anaiona akipita kwenda kunywa chai. Wa tatu ni mpwa wa supavaiza, ana miezi mitatu kazini. Wa nne nitarudi kwake. Sisi wanawake kumi na mmoja tunaoshinda na kukesha nayo tukaambiwa "wenzenu wakirudi watawaelekeza."

Wakarudi. Juzi saa nane usiku lain ikasimama, taa nyekundu. Mpwa akabonyeza kitufe cha kuanza upya, mashine ikanguruma, ikazima. Akabonyeza tena. Na tena. Alipoanza kufunua kitabu cha maelekezo nikachukua kitambaa, nikafuta jicho la kihisi (sensa ya mashine) lililojaa vumbi la maboksi. Lain ikaondoka. Asubuhi nikakuta ripoti imeandikwa "hitilafu imetatuliwa na opereta mwenye cheti."

Sasa imetangazwa nafasi ya kiongozi wa shifti. Sharti la kwanza: cheti cha mashine hiyohiyo! Nakitoa wapi? Orodha ya kozi anaipanga supavaiza kichwani mwake, haibandikwi ubaoni, fomu ya kuomba haipo. Tunajua mtu kaenda mafunzo tukiona hayupo. Nilipowafuata HR, dada wa watu akanijibu kwa huruma kabisa: "Una mtoto mdogo, tukaona tusikusumbue." Nani aliniuliza? Mpwa naye ana mtoto mdogo, tena mdogo kuliko wangu.

Tungeishia kwenye vyeo ningenyamaza. Lakini mikono inayoingia kwenye mashine ni yetu. Mafunzo ya usalama tuliyopata ni karatasi ya mahudhurio iliyopitishwa lain ikitembea, weka sahihi, endelea na kazi. Hakuna aliyetuonyesha kufunga swichi kuu kwa kufuli kabla ya kutoa boksi lililokwama, wala kutoa hewa iliyobaki kwenye mabomba. Umeme unaweza kuwa umekatwa na pistoni bado ikakubana vidole kwa hewa hiyo. Hilo nimelisoma mwenyewe kwenye kile kitabu, saa ya mapumziko.

Na msiniambie mafunzo ni hisani ya bosi. Mkataba namba 111 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1958, unakataza ubaguzi kazini, wa jinsia ukiwemo, na unataja waziwazi kwamba kupata mafunzo ya ufundi ni sehemu ya kazi hiyo. Ule wa usalama, namba 155 wa 1981, unataka mfanyakazi afundishwe usalama, na hatua za usalama zisimgharimu chochote. Najua mikataba hii inazibana nchi zilizoiridhia, haiji kumshika supavaiza shati. Ila msingi ndio huo.

Kabla hamjaniambia "nenda chama cha wafanyakazi": yule wa nne ni katibu wa tawi letu. Nilipompelekea malalamiko akaniuliza kama nina ushahidi kwamba uteuzi haukuwa wa haki. Cheti chake kiko ukutani, nyuma ya kiti alichokalia akiniuliza.

Maombi ya ile nafasi yanafungwa Ijumaa. Nitaomba hivyohivyo bila cheti, na barua nataka nipeleke ngazi ya juu ya supavaiza, na nakala igongwe muhuri wa kupokelewa. Aliyewahi kupitia hili kiwandani kwake aniambie: ulianza kwa meneja wa uzalishaji au ulikwenda moja kwa moja kwa afisa kazi? Na wenzako walisaini na wewe, au ulibaki peke yako?